Ufa wa beto uko na namba yake: tuombe hiyo namba mbele ya kuziba

Ku viwanda vya mukuba, beto yenye feri inabeba kila kitu: mashini, matanki ya asidi, ngazi, na sisi wenyewe. Kila siku kuna mufanyakazi mwenye anaona ufa na anajiuliza: nikimbie, ao niendelee na kazi? Kuko hesabu yenye inasaidia kujibu, na si siri ya maenjeniere peke yao.

Toka Kipushi mpaka Kolwezi, kazi yetu imesimama juu ya beto. Kiwanda cha Shituru, pale Likasi, kilianza mwaka 1929. Kile cha Luilu, pale Kolwezi, kilianza 1960. Vingine vimejengwa juzi-juzi. Beto ya zamani ao ya sasa, yote iko na nyufa. Kuko wandugu wenye wanaogopa kila ufa wanauona, na kuko wenye wamezoea mpaka hawaogopi tena hata moja. Wote wanaweza kujidanganya, kwani kuna ufa wenye ulipangwa na kuna ufa wenye haukupangwa. Kwa kuutofautisha, tunapashwa kujua upana wake, na kujua upana gani enjeniere alitazamia wakati alikuwa anachora.

Ndiyo, alitazamia. Upana wa ufa unaweza kuhesabiwa hata mbele beto haijamwangwa.

Juu ya nini beto inapasuka

Beto iko na nguvu wakati inakandamizwa, na iko zaifu wakati inavutwa. Beto ya kawaida, ile wenye kujenga wanaita ya 250, inabeba kilo 250 juu ya kila sentimetre kare wakati unaikandamiza. Ukiivuta, inakatika kati ya kilo 20 na 26 tu. Ni karibu mara kumi chini. Njo sababu tunatia feri: pahali beto inavutwa, feri inashika.

Wazo hilo si la leo. Mufaransa mumoja mwenye kulima bustani, Joseph Monier, alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1867 juu ya vyungu vya maua vya simenti vyenye nyuzi za chuma ndani. Nyuma yake François Hennebique alichukua hati yake mwaka 1892, na beto ya feri ikaingia ku manyumba, ku madaraja na ku viwanda.

Sasa angalia putre yenye kubeba muzigo. Inapinda kidogo, hata kama jicho haliione. Upande wa juu unakandamizwa, upande wa chini unavutwa. Chini pale njo feri kubwa zinalala, na chini pale njo nyufa zinaanza.

Tuchukue metre moja ya hiyo feri. Muzigo wa kawaida ukifika, tuseme feri inavutwa kilo 2.000 kwa kila sentimetre kare. Hiyo si mingi: feri nzuri ya leo inafika 5.000 mbele ya kulegea. Ku kilo 2.000, metre moja ya feri inarefuka milimetre 1. Lakini beto yenye iko pembeni yake inaweza kurefuka karibu milimetre 0,1 tu, kisha inapasuka. Inabakia milimetre 0,9. Itaenda wapi? Itaingia ndani ya nyufa. Haina njia ingine.

Kwa hiyo putre yenye haina hata ufa mumoja, mara mingi ni putre yenye feri yake haijaanza kazi bado. Ile beto yenye wanavuta kamba zake za chuma kwanza, sawa ya madaraja makubwa, ni habari ingine. Lakini beto ya kila siku, ile ya kwetu, inapashwa kupasuka kidogo ili feri ifanye kazi yake.

Swali la kweli ni hili: hiyo 0,9 itagawanyika namna gani? Kama metre ile inatoa nyufa sita, kila moja itakuwa na 0,15 milimetre. Kama inatoa nyufa mbili, kila moja itakuwa na 0,45. Muzigo ni ule ule, feri imerefuka sawasawa. Lakini ku ufa wa 0,15 mayi inapita kwa shida, na ku ufa wa 0,45 mayi, hewa na asidi vinafika ku feri bila kupiga hodi. Kazi kubwa ya enjeniere njo hiyo: kufanya nyufa zikuwe mingi na nyembamba, pahali pa chache na pana.

Hesabu yenyewe

Kanuni inasemwa kwa maneno machache. Upana wa ufa ni umbali kati ya ufa mumoja na mwingine, mara ile tofauti yenye feri inarefuka kupita beto. Ni vitu viwili tu. Shida iko ku kujua umbali ule.

Umbali unatoka ku namna feri inashika beto. Pale ufa ulifunguka, beto imeachilia, na feri inabeba yote peke yake. Ukienda pembeni ya ufa, feri inarudishia beto kidogo-kidogo nguvu ya kuvutwa, mpaka beto inajaa na inapasuka tena. Kama feri inashika muzuri, hiyo inafanyika upesi, na nyufa zinakuwa karibu-karibu. Kama inateleza, zinakuwa mbali-mbali na zinapanuka. Njo sababu feri ya leo iko na mbavu juu ya ngozi yake. Njo sababu pia feri mingi nyembamba ni bora kuliko feri chache nene: kwa kilo ile ile ya chuma, nyembamba ziko na ngozi mingi ya kushika beto.

Watu walitafuta kanuni hiyo kwa muda murefu. Mwaka 1968, Peter Gergely na LeRoy Lutz, ku Marekani, walichukua vipimo vingi vya labo na kutafuta ni nini inashinda yote. Waliona kama ni nguvu yenye kuvuta feri. Kanuni yao ilitumiwa ku sheria za Marekani kwa miaka mingi. Ulaya nayo iko na kanuni yake ndani ya Eurocode 2, yenye ilitoka mwaka 2004.

Tufanye mufano kwa hiyo ya Ulaya. Putre iko na upana wa sentimetre 30, beto ya 250, feri tatu za 20 chini, na beto ya kufunika feri ni sentimetre 4. Muzigo unavuta feri kilo 2.400 kwa sentimetre kare. Hesabu inatoa umbali wa sentimetre 27 kati ya nyufa, na upana wa milimetre 0,26. Sasa tubadilishe kitu kimoja-kimoja:

— Pahali pa feri tatu za 20, tutie feri sita za 14. Chuma ni karibu ile ile. Ufa unashuka karibu 0,22.

— Muzigo uongezeke robo moja, sawa wakati wanaleta mashini mupya yenye haikuwa ku plani. Ufa unapanda 0,34.

— Pahali pa feri ya mbavu, watie feri laini. Ufa unafika 0,39. Tena feri laini ya kawaida inaanza kulegea karibu na kilo 2.350, basi putre hiyo imekwisha kufika ku mupaka wake.

— Feri moja ku zile tatu ikosekane. Labda iliuzwa usiku, labda ilikatwa wakati wa kupitisha tiyo. Feri mbili zenye zinabakia zinavutwa kilo 3.600, na ufa unafika 0,49.

Tusome tena hiyo ya mwisho. Chuma imepunguka theluthi moja, lakini ufa umekaribia kuwa mara mbili. Putre haianguki siku hiyo. Inasimama, inafanya kazi, shefu anapita chini yake. Lakini akiba ya nguvu yenye enjeniere aliweka kwa siku mbaya imeliwa. Mutu wa kusema hayuko. Ufa njo unasema.

Lakini tusifanye hesabu hii kuwa Maandiko Matakatifu. Beto si chuma cha dukani. Putre mbili za siku moja, za muchanganyiko mumoja, zinaweza kutoa nyufa tofauti. Namba yenye Eurocode inatoa ni ile yenye nyufa karibu zote, tuseme 95 ku 100, hazipashwi kupita. Kwa hiyo kama hesabu ilisema 0,26 na umepima 0,28, usipige kengele. Kama ilisema 0,26 na umepima 0,5, basi kuna kitu ndani ya putre ile chenye si sawa na plani.

Mupaka ni ngapi

Ku Eurocode 2, putre yenye inaona mvua ao unyevu haipashwi kupita 0,3 milimetre. Ndani ya nyumba kavu wanaacha mpaka 0,4. Mwongozo mumoja wa Marekani unasema 0,41 ku hewa kavu, 0,30 ku unyevu na ku udongo, 0,15 ku mayi ya bahari, na 0,10 ku tanki la kuchunga mayi.

Sheria za Kifaransa zenye wengi kwetu walisoma ku masomo, zile za BAEL 91, zinapita njia ingine. Hazitoi upana. Zinagawanya nyufa ku makundi matatu: zenye haziharibu sana, zenye kuharibu, na zenye kuharibu sana. Kadiri pahali ni pabaya, feri inakatazwa kuvutwa sana. Kwa beto ya 250 na feri ya mbavu ya 4.000, kundi la pili linaruhusu karibu kilo 2.000 kwa sentimetre kare, na la tatu karibu 1.600. Ni wazo lile lile: ukipunguza mvuto wa feri, umefunga ufa. Kwa hiyo, kama mutu anakuonyesha plani, muulize swali moja tu: "Mulihesabu hii ku kundi gani?" Sale ya elektrolizi yenye kuhesabiwa sawa nyumba ya kulala, hapo kuna neno.

Pale asidi inaingia

Mipaka hiyo yote ilifikiriwa juu ya mayi, hewa na chumvi. Sisi tunafanya kazi na asidi sulfuriki. Hapo mambo yanabadilika.

Ndani ya beto nzima, feri haishiki kutu kwa sababu simenti inafanya pale pakuwe pa alkali sana. Ni kama shuka yenye kufunika feri. Asidi inakula simenti yenyewe na inatoboa hiyo shuka. Tena sulfate inaunda ndani ya beto vitu vyenye kuvimba, na beto inabomoka kutoka ngozi kwenda ndani. Ikifika ku feri, kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma yenyewe: kutoka mara mbili mpaka mara sita. Inasukuma beto inje. Unaona ufa murefu wenye kufuata feri, na rangi ya kahawa inashuka ku ukuta.

Kwa hiyo pale asidi inamwangika, ufa mwembamba si wa kuamini. Hata 0,1 inaweza kuleta shida kama asidi inalala pale kila siku. Dawa ya pale ni kufunika beto: matofali ya kukinza asidi, epoksi, ao plastiki nene, na mufereji wenye kutoa asidi upesi. Kama kifuniko hicho kimepasuka, kazi ya kupima nyufa imechelewa. Kwanza kifuniko kitengenezwe.

Si kila ufa unapimwa kwa upana

Mutu mwenye kuangalia upana peke yake anaweza kufa na namba nzuri mukononi. Tujifunze kuangalia pia pahali na njia ya ufa.

Ufa wa kusimama, katikati ya putre, upande wa chini, wenye kupanda na kuisha mbele ya kufika juu: njo ufa wenye tulikuwa tunahesabu. Ipime, iandike.

Ufa wa kulala upande, sawa ngazi yenye kuegemezwa, karibu na poto ao ukuta wenye kubeba putre: huo ni mubaya. Unasema kama putre inataka kukatwa. Inaweza kuvunjika bila kupinda kwanza, bila kutoa onyo. Hapo usingoje 0,3. Watu watoke chini, shefu aitwe, enjeniere aje.

Ufa wa kuzunguka poto juu ya dale, sawa duara: poto inataka kutoboa dale. Ni vilevile: watu watoke.

Ufa wa kusimama ku poto yenyewe, na beto yenye kutoka mapande-mapande: poto inakandamizwa kupita nguvu yake. Watoke.

Ufa wenye kufuata feri, pamoja na kutu: feri inaliwa. Upana hauseme tena muzigo, unasema ugonjwa.

Nyufa ndogo zenye kuenda pande zote juu ya dale, zenye zilitoka siku ile beto ilimwangwa: mara mingi ni beto yenye ilikauka mbio ku jua na upepo. Haziangushi jengo, lakini pa asidi zinapashwa kufungwa.

Savar, mwaka 2013

Kuko watu wenye waliona ufa na wakasema. Tujue yenye iliwafikia.

Ku Savar, pembeni ya muji wa Dhaka, inchi ya Bangladesh, kulikuwa jengo la beto la ghorofa nane lenye jina Rana Plaza. Chini kulikuwa maduka na banki. Juu kulikuwa viwanda vitano vya kushona nguo. Jengo lilipangwa kwa maduka na biro, kisha wakaongeza ghorofa, wakatia mashini na magrupu makubwa ya kutoa umeme.

Tarehe 23 mwezi wa ine 2013, nyufa kubwa zilionekana. Watu walitolewa. Enjeniere mwenye aliitwa kuangalia alisema jengo si salama. Televizio ilionyesha nyufa zile. Kesho yake, tarehe 24, banki na maduka vilibakia vimefungwa. Wafanyakazi wa nguo, wao, waliamriwa kurudi ku kazi, na wengine walitishwa kama mushahara wao utakatwa. Asubuhi umeme ulikatika, magrupu yakawashwa juu, jengo likatetemeka, likaanguka. Watu zaidi ya 1.100 walikufa.

Tuelewe muzuri. Ku Savar ufa ulionekana, enjeniere alisema, na televizio ilionyesha. Chenye kilikosa ni haki ya mushonaji kubakia inje bila kupoteza mukate wa watoto wake. Watu wa banki walikuwa nayo. Yeye hakuwa nayo.

Mwezi wa tano mwaka ule, masendika mawili ya dunia, IndustriALL na UNI, yalitia sinyature pamoja na makampuni ya nguo ku mapatano yenye nguvu ya sheria: wakaguzi wasiotoka ku kampuni, ripoti zenye watu wote wanaweza kusoma, na haki ya mufanyakazi kukataa kuingia ku jengo lenye hatari. IndustriALL hiyo inakusanya pia masendika ya wachimba migodi. Basi chenye washonaji walilipa kwa damu, sisi tunaweza kukiomba kwa barua.

Namna ya kupima, bila mashini ya bei

Muzee yetu alisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli ku nyumba ya udongo. Lakini ku beto yenye feri, kuziba mbele ya kupima ni kufunga shahidi kinywa. Ku myaka yangu ya udelege, nimeona ku kampuni moja wakipaka simenti na rangi juu ya nyufa siku mbili mbele ya wakaguzi kufika. Nyuma ya miezi michache nyufa zilirudi pale pale, na hakuna mutu aliweza kusema kama zimepanuka, kwa sababu hakuna namba yenye ilikuwa imeandikwa.

Njia ya kupima iko hivi:

1. Pahali pazuri. Usipime pale kingo za ufa zimevunjika, pale utapata namba kubwa ya uongo. Tafuta pale kingo ziko safi.

2. Chombo. Kuko kadi yenye mistari ya upana mbalimbali yenye maenjeniere wanaweka pembeni ya ufa na kulinganisha. Kama haiko, omba makanika vile visu vyake vya kupimia supapi. Viko vya 0,10, vya 0,20, vya 0,30. Kisu cha 0,30 kikiingia, umepita mupaka. Kwa kujua haraka: karatasi moja ya kawaida ya biro ni karibu 0,1 milimetre, na kadi ya banki ni 0,76. Kama kona ya kadi ya banki inaingia ndani ya ufa, usifanye tena mazungumuzo. Ita watu.

3. Shahidi. Weka plasta ndogo yenye kupita juu ya ufa, uandike tarehe juu yake. Plasta ikipasuka, ufa unatembea. Pale kuko mayi, tumia kipande cha kioo chenye kubandikwa pande mbili. Ao tia alama mbili, moja kila upande wa ufa, na upime umbali wake na piakulisi kila juma.

4. Saa. Pima saa ile ile, bora asubuhi. Jua la saa nane linafanya beto ivimbe na ufa ubadilike.

5. Mwisho wa ufa. Tia musitari pale ufa unaishia, na tarehe. Ukirudi na ufa umepita musitari, umerefuka.

6. Kaye. Andika tarehe, pahali, upana, urefu, muzigo wenye ulikuwa juu, kama kuko mayi, kama kuko kutu. Kopi moja kwa kamati ya usalama, na wenye kupokea waweke tampo.

Ufa wa 0,4 wenye haujatembea mwaka muzima unaweza kungoja enjeniere mupaka juma lijalo. Ufa wa 0,2 wenye ulikuwa 0,1 mwezi jana haungoje.

Ku nyumba zetu pia

Wamama wengi wanajenga kidogo-kidogo na franga ya mushahara: leo simenti mifuko tano, kesho feri. Hesabu ni ile ile. Fundi akikuambia feri laini za bei ndogo zinatosha kwa dale ya juu, kumbuka ile 0,39. Akimwanga mayi mingi ndani ya beto ili iteremuke mbio, beto hiyo itakauka, itapunguka, itapasuka. Akitaka kuacha beto bila kuilowesha, umukatalie: juma moja muzima beto inapashwa kukaa na unyevu, magunia yenye mayi juu yake, hata kama watoto njo watafanya hiyo kazi. Na feri zisilale juu ya mbao za kofraji. Ziwekewe vipande vya beto chini yake, zipate sentimetre mbili ao tatu za kufunikwa.

Kumbuka jambo moja lenye linachanganya watu. Beto ya kufunika ikiwa nene sana, ufa unaonekana mupana zaidi ku ngozi, kwa sababu iko mbali na feri. Lakini kufunika kidogo sana kunaleta kutu. Usipunguze kifuniko juu ya kutafuta ufa muzuri wa kuangalia.

Chenye tunaomba

Sheria ya kazi ya inchi yetu, ile ya mwezi wa kumi 2002, inataka kamati ya usalama na usafi pahali pa kazi. Delege wako ndani yake. Wasiingie mule na maneno tu "beto imepasuka". Waingie na namba mbili.

Namba ya kwanza ni ya hesabu: upana gani, ao kundi gani, enjeniere alitazamia ku putre hii, ku dale hii, ku ukuta huu wa tanki. Iko ku karatasi za hesabu za jengo. Kampuni yenye ilijenga kwa haki iko nayo. Kampuni yenye haina, inapashwa kuleta enjeniere afanye hesabu upya, kwani haijui yenyewe muzigo gani inaweza kuweka pale.

Namba ya pili ni yetu: upana wenye tulipima, na tarehe yake, na vile unatembea.

Zikikaribiana, tuendelee na kazi na tuendelee kupima. Zikiachana, muzigo upunguzwe ao watu watoke mpaka enjeniere aseme na aandike jina lake chini. Na siku hizo za kungoja zilipwe, kwani mufanyakazi hakuchora ile putre na hakuuza ile feri.

Mashini mupya ikiletwa juu ya beto ya zamani, tuombe hesabu mupya mbele haijapandishwa. Tiyo ikipitishwa ku putre, tuulize nani aliruhusu kukata feri. Na mutu akija na ndoo ya simenti kwa kuziba ufa, tumuombe kwanza kaye: upana ulikuwa ngapi, tarehe gani, nani alipima. Kama hana jibu, ndoo ingoje.